Chumba Kilichokuwa Njiani

Juzi tumemzika Mama Felista, na tangu nirudi Morogoro sijashona hata pindo moja. Cherehani ipo mezani, sare za wanafunzi zimerundikana, wateja wanapiga simu na mimi nawadanganya kwamba umeme umekatika. Umeme upo. Ni kwamba nikikaa tu kwenye kiti nakiona kile chumba cha Ifakara, mtaa wa Matete, nilichopanga kwa mwaka mmoja nikiwa binti wa miaka ishirini na kitu, na ambacho leo ukienda kukitafuta hukikuti. Wanaosimulia maisha yao huanza na walikozaliwa na baba yao alikuwa nani. Hayo mimi nayaruka. Hayana utamu, na baadhi ya wahusika bado tumenuniana. Inatosha kusema kwamba nilishuka Ifakara na begi moja, nikapata kazi ya kushona kwenye kibaraza cha duka la vitambaa karibu na soko, kwa cherehani isiyokuwa yangu, na sikuwa na mtu hata mmoja wa kumwambia kwamba leo nimechoka.

Chumba chenyewe kilikuwa cha nyuma. Nyumba kubwa ilijengwa kwanza, kwa heshima zake zote, na baada ya mwaka fulani mpunga ulipokubali Mama Felista akaongeza chumba kimoja ubavuni ili apangishe. Kilitokeza nje kuelekea nyumba ya jirani, kikaubana uchochoro wa katikati hadi watu wawili wakikutana ilibidi mmoja arudi nyuma. Tofali za kuchoma, bati jipya kidogo, dirisha la mbao lisilofunga vizuri. Ndani palikuwa na kitanda cha kamba na msumari mmoja wa kutundikia nguo. Na ukutani, kuzunguka chumba chote, palikuwa na mstari wa udongo uliokauka, umefika karibu na goti. Niliuliza, maana mimi nikiona doa huwa siwezi kunyamaza.

"Shikamoo tena mama. Hii alama ni ya nini?"

"Aah, mwanangu, achana nayo. Huyo aliyekuwepo kabla yako alikuwa mchafu, sijapata kuona. Anaoga humohumo, anamwaga maji ovyo. Wewe unaonekana msafi."

Mama Felista alikuwa mfupi, mwenye sauti ya kuitia watu ng'ambo ya mto, Mpogoro wa kutoka pande za Mahenge aliyeshuka bondeni akiwa msichana na hakupanda tena. Nyumba ile aliijenga yeye, kwa jembe lake, na mume alipofariki, yeye alikuwa bado anadaiwa pesa ya mlango wa mbele. Jioni ile ya kwanza hakuniacha nipike. Alinivuta jikoni kwake, nikakaa kwenye kigoda pamoja na bintiye Felista, aliyekuwa amekuja kutembea kutoka kwa mumewe, na wadogo zake watatu, tukala wali wa mpunga wa pale pale, ule unaonukia hata ukiwa haujaungwa, na kambale wa mchuzi. Walinicheka nilivyomwogopa yule samaki na sharubu zake. Nilikula nikaongezwa, nikaenda kulala nimevimbiwa, na nakumbuka nilijiambia gizani kwamba hapa nimefika. Wiki iliyofuata wote wakaondoka.

Hakuna aliyekuwa ameniambia. Kwao lilikuwa jambo la kila mwaka, huwezi kumtangazia mtu kwamba kesho kutakucha. Mvua zikikaribia, wenye nyumba wa Matete wanahamia mashambani, bondeni kabisa, Michenga, Idete na mbele zaidi, kila familia na kibanda chake. Wanalima, wanapanda, wanapalilia, halafu wanakaa huko kuamia ndege, kuwafukuza wasile, mpaka mpunga uvunwe. Niliamka asubuhi nikakuta pawatila, kile kitrekta cha magurudumu mawili chenye tela, uani imepakiwa masufuria, mikeka, magunia ya mbegu, kuku wamefungwa miguu, na Mama Felista amekaa juu ya vyote hivyo na jembe mapajani. Alinipa ufunguo wa nyumba kubwa kana kwamba ananipa kijiko. "Uwe unafungua madirisha, mwanangu, mchwa wasizoee. Tutaonana kwenye mavuno." Nilikaa uani na ule ufunguo mkononi hadi mlio wa pawatila ulipopotea. Nimeishi peke yangu sehemu nyingi baada ya hapo, lakini sijawahi kuachwa na mtaa mzima kwa pamoja.

Waliobaki Matete tulikuwa sisi wapangaji. Walimu wapya, wauza mitumba, vijana wa mashine za kukoboa, akina dada wa hoteli, na watu kama mimi ambao hata wao hawajui vizuri kwa nini wako pale. Tulikuwa tunasalimiana tu. Mpangaji hajishikizi na mpangaji mwenzake, maana mwezi ujao huenda asiwepo. Jioni nilirudi, nikawasha jiko la mkaa mlangoni, nikapika wali wa mtu mmoja, kitu ambacho bado naona ni moja ya mambo magumu katika mapishi: ama unaungua au unabaki. Nilikula nimeegemea mlango wa nyumba iliyofungwa. Mtu pekee niliyemsikia alikuwa mzee Shabani, mpangaji wa nyumba ya jirani, ambaye dirisha lake lilitazamana na langu kwenye uchochoro. Alikata miwa kule mashamba ya Kidatu mpaka mguu wa kulia ukakataa, akaja Ifakara kushona viatu. Alisikiliza taarifa ya habari kwa sauti kubwa na kuijibu. "Uongo huo," alikuwa akiiambia redio. "Mlisema hivyo hivyo mwaka jana." Wiki nyingi zilipita nikiishi kwa kusikiliza ugomvi wake na redio, na ilipotokea betri zimemwishia nilijisikia kulia.

Halafu masika yakaanza na nikauelewa ule mstari wa ukutani. Maji hayakutoka juu, bati lilikuwa zima. Yalikuja kwa chini, kutoka upande wa barabara kubwa, yakafuata uchochoro yakielekea mbugani, yakakikuta chumba changu kimekaa katikati ya njia yake. Yaliingia kwa chini ya mlango taratibu, bila haraka, yakiwa na rangi ya chai ya maziwa. Nilipanda kitandani nikakunja miguu. Ng'ambo ya dirisha nilimwona mzee Shabani naye yuko juu ya meza yake, mguu mbovu ameunyoosha, anashona kiatu.

"Shikamoo babu! Kwako yameingia?"

"Marahaba. Kwangu ni kidogo, mengi yanabaki kwako. Wewe ndiye kizuizi changu, fundi. Usihame."

"Na wenye nyumba wanajua?"

Alicheka mpaka akakohoa. "Watajuaje? Kila yakija wao wako shamba. Wakirudi pameshakauka, wanakuta tope, wanatuona sisi wachafu. Mwenye nyumba wangu alinitoza lipu."

Ndiyo ilikuwa hali ya Matete. Mtaa uliomilikiwa na watu ambao hawakuwahi kuuona ukinyeshewa. Na katika hali hiyo, katikati ya masika yenyewe, ukaja mradi wa kuupanga. Halmashauri pamoja na shirika moja, ambalo sitalitaja, walikuwa na mtindo mpya. Zamani makazi holela dawa yake ilikuwa tingatinga. Sasa walisema hakuna nyumba itakayovunjwa kwa nguvu, wakazi wenyewe ndio watakaochora njia na mitaro yao, kila kiwanja kitatoa kipande chake kwa hiari, wapima watakuja mwishoni kuweka vigingi, na kila mwenye nyumba atapata hati. Tangazo lilipita kwa kipaza sauti: wakazi wote wafike darasani shule ya msingi. Sisi tukaenda, maana tulikuwa wakazi, na mvua ilikuwa inanyesha na darasani hapavuji.

Mtaalamu aliyetumwa alikuwa kijana mrefu mwenye gambuti, Injinia Kaduma, mpole, amechoka mapema. Alieleza dakika nyingi kuhusu kiwanja chako, nyumba yako, hati yako. Watu wakamsikiliza kwa adabu. Mwishowe akaomba wenye nyumba wasimame. Hakusimama mtu. Akadhani hawajamwelewa, akarudia. Mwanamke mmoja wa hoteli akainua mkono.

"Injinia, sisi ni wapangaji."

"Wote?"

"Wote."

"Sasa wenye nyumba wako wapi?"

"Wanaamia ndege," darasa zima likajibu, na mzee Shabani akaongezea, "Ukitaka kuwaona ununue mtumbwi."

Tulicheka, na yeye akacheka, lakini alikaa juu ya dawati akajishika kichwa. Ratiba yake ilitoka mbali, kwa watu ambao mpunga wanaujua ukiwa kwenye sahani. Kusubiri mavuno kulikuwa ni kuukosa mradi. Akatuambia ukweli: tuchore sisi, wenye nyumba wakirudi wataitwa kukubali au kukataa. Mtu akauliza sisi tutapata nini. "Kwa kweli, kwenye karatasi, hakuna," akasema. Nadhani ndiyo maana tulimpenda.

Karatasi alizoleta zililowa siku hiyo hiyo. Kijana wa mashine ya kukoboa akasema kwao pumba za mpunga zimejaa mlima mzima, hakuna anayezitaka, kwa nini tusichore nazo. Basi tukachora na pumba. Tulibeba kwa magunia vichwani, tukamwaga mistari chini, mtaani kwenyewe, pale ambapo tulidhani njia ipite. Mvua ikinyesha inasomba, kesho yake tunakwenda kuangalia pumba zimekokotwa hadi wapi na zimejikusanya kwa nani, tunamwaga upya. Injinia Kaduma alianza kwa kutuchekea na akaishia kubeba gunia mwenyewe. Tulijifunza Matete inakotaka kuteremkia. Tulijua kwa nani pana korongo chini ya ua, kwa nani choo kinafurika, wapi mama mjamzito alibebwa mgongoni kwa sababu bajaji isingeingia.

Na tulikula. Hilo ndilo ninalolikumbuka zaidi ya njia. Kila Jumapili mchana tulichanga, tukapika kwenye kibaraza cha mtu asiyekuwepo, kande au wali na mlenda, siku nyingine perege kama mtu amepata, tukala tumekaa ukutani na miguu yetu imejaa tope. Mzee Shabani aligundua kwamba naweza kushona turubai na akanifanya msaidizi wake kwa amri. Dada wa hoteli alinifundisha kumkaanga kambale bila kumwogopa. Nilianza kuitwa jina kwa mbali, "Fundi! Fundi Yasinta!" na nikawa nageuka nikijua kwamba kweli naitwa mimi. Nilikuwa na furaha. Naliandika hivyo hivyo lilivyo, kwa sababu mwaka ule haukunipa nyingi, na hiyo ilikuwa nzima.

Ukawa sasa umebaki mstari mmoja, mtaro mkuu na njia ya gari, kutoka barabarani hadi mbugani. Tuliufuata na pumba nyumba kwa nyumba. Ulishuka vizuri, ukakwepa huku, ukamega ua wa huyu, jiko la yule, ukafika kwenye uchochoro wetu na ukakoma kwenye ukuta wa chumba changu. Watu wakasimama. Upande wa kushoto ilikuwa nyumba kubwa ya Mama Felista. Upande wa kulia ilikuwa nyumba ya jirani, na ukipitisha mtaro huko, maji yote ya Matete yangepita mlangoni kwa mzee Shabani na mguu wake. Hakuna aliyeniangalia. Kila mtu akawa ameona kitu juu ya bati. Mzee Shabani akaanza kusema kwamba kwake panatosha, yeye amezoea maji, akasema mambo mengi sana haraka haraka. Nilichukua debe la pumba, nikafungua mlango wangu, nikamwaga mstari kuanzia kizingitini, chini ya kitanda, hadi ukuta wa pili.

Injinia Kaduma akanivuta pembeni. "Dada, umenielewa lakini? Wewe si mwenye nyumba. Wakikubali hii, hakuna fidia yako."

"Nimekuelewa."

"Utakwenda wapi?"

Nikamwambia Matete ni kubwa. Na nilikuwa naamini. Kwa miezi ile nilikuwa nimejenga kichwani mwangu kwamba watu walioshika gunia moja nami hawawezi kukosa pa kuniweka, na kwamba Mama Felista akirudi atanihamishia nyumba kubwa, chumba cha mbele, karibu na jiko. Nilichotaka hakikuwa chumba. Nilitaka mtaa ule unibakize.

Walirudi mpunga ulipokwisha kuvunwa. Kwa siku kadhaa Matete ilijaa pawatila, magunia, kelele, vumbi la mpunga mpya, watoto weusi kwa jua waliosahau kuvaa viatu. Mama Felista alinikumbatia na jasho lake, akanipa debe la mchele, akaingia chumbani kwangu, akaona ukuta. "Yasinta! Na wewe?" Nikajaribu kumweleza. Akasema tope ni tope. Kumbe sisi wapangaji tulikuwa tumeanza kurudi ndani ya vyumba vyetu hata bila kuambiwa. Vile vibaraza tulikokuwa tunakula vilikuwa na wenyewe. Dada wa hoteli nilikutana naye sokoni tukasalimiana kama zamani, kila mtu na kapu lake.

Kikao cha kukubali kiliitwa darasani pale pale. Tulipofika, mwenyekiti wa mtaa alisimama mlangoni, akatuamkia vizuri na kutuambia leo ni wenye nyumba tu, watu ni wengi, wapangaji mtaarifiwa. Alisema kwa upole na hakutusukuma. Wengi wakarudi makwao. Mimi na mzee Shabani tulikaa nje chini ya dirisha, yeye akiwa na kiatu cha mtu mkononi ili aonekane ana shughuli.

Tulisikia kila kitu. Waligomba kwa kila kipande. Mmoja hakutaka kutoa banda la nguruwe, mwingine alisema njia ipite kwa shemeji yake. Injinia Kaduma akafafanua, akabembeleza, na kwa sehemu kubwa walikubali, maana walizitaka hati na walitaka pawatila zifike mlangoni. Halafu wakafika kwa Mama Felista. Sauti yake haikuhitaji dirisha.

"Maji gani? Nyumba hii nimejenga mimi kwa mikono hii. Maji sijayaona hata siku moja."

"Mama, wewe masika uko Michenga," akasema Injinia.

"Na waliochora ni nani? Watu wa kupita! Wamekaa kwenye nyumba zetu wanagawa vyumba vyetu."

Watu wakaguna kumuunga mkono. Injinia akasema, kwa nia njema kabisa, kwamba mstari ule uliwekwa na mpangaji wa chumba mwenyewe. Nilijibana ukutani. Nilingoja aseme lolote, aseme mimi ni mshenzi, aseme atanitoa kesho.

"Huyo binti hana kwao," Mama Felista akasema, na sauti ilikuwa imeshuka. "Hajaniambia, lakini mimi najua. Tangu aje hajapokea mgeni. Mnakivunja, mnampeleka wapi? Sitoi. Pale analala binti yangu."

Mwanangu tunaitwa na kila mtu, hata muuza mkaa ukimwamkia ni mwanangu. Hilo la binti yangu sikuwahi kulisikia likisemwa juu yangu na mtu ambaye hajui kama nasikia. Mzee Shabani alikuwa ameacha kushona. Ndani, wenye nyumba walianza kusema basi, kama mama hataki tusimlazimishe, mtaro upite upande wa pili, kwa jirani. Na jirani, ambaye pale kwake alipangisha tu na hakuwahi kulala, akasema haidhuru. Ilikuwa inaisha hivyo. Mzee Shabani aliinama akakazia macho kiatu, na hakuniangalia. Ningenyamaza tu, ningekuwa na chumba na mama.

Nilisimama dirishani. Kichwa changu tu ndicho kilichoonekana, kwa hiyo nadhani nilichekesha.

"Mama, shikamoo. Toa."

Wote wakageuka. Mwenyekiti akaanza kusema wapangaji mtaarifiwa.

"Maji yapo, mama. Nimelala nayo. Yakienda kwa babu huyu hatoki salama, mguu wake hautoshi. Toa chumba."

Mama Felista alinitazama. Sikujua kama ana hasira au ana aibu kwamba nimesikia. "Na wewe utalala wapi?" akauliza, mbele ya watu wote.

"Nitapata."

"Haya," akasema, akageukia mbele. "Pitisheni."

Kila mwenye nyumba alivunja cha kwake, ndivyo walivyokubaliana, ili asije mtu kusema amevunjiwa. Walikuja kwa ujima, na chungu cha pombe, wakianzia juu. Mama Felista aligonga tofali la kwanza la chumba changu mwenyewe, kwa nyuma ya shoka, halafu vijana wakamalizia. Nilishangaa kilivyokuwa kidogo. Kikiwa kimesimama kilinitosha mimi na mawazo yangu yote, kilipolala chini kilikuwa rundo ambalo guta moja lilibeba na nafasi ikabaki. Nilihamia nyumba kubwa, chumba cha mbele, kama nilivyokuwa nimeota, na nililala humo kwa majuma machache. Kisha Felista akaachana na mume na kurudi na watoto, wadogo zake wakakosa pa kulala, na usiku tukawa tunaruka miguu ya watu. Mama Felista hakuniambia niondoke. Alikuwa anapika, ananipakulia kwanza mimi, na kuniita mwanangu kama anavyomwita kila mtu. Lile neno la darasani hakulirudia. Nikaanza kufikiri, kama afikiriavyo mtu aliyelala macho, kwamba kikaoni watu husema mengi ili wasinyang'anywe chumba, na kwamba mpangaji asiye na kwao ni hoja nzuri. Sikumuuliza. Niliogopa jibu, lolote kati ya yale mawili. Mvua zilipokaribia tena, na pawatila ikapakiwa, nikafunga begi nikamwambia nimepata kazi Morogoro, jambo ambalo lilikuja kuwa kweli baadaye. Alisema, "Haya mwanangu, utatusalimia huko." Masika yale mzee Shabani alinipigia kwa simu ya mtu kuniambia mtaro unameza kila kitu, anakaa chini kwenye kiti kama mfalme. Alifurahi kweli. Nami nilifurahi, nimesimama kwenye kibaraza kingine, katika mji mwingine.

Shabani alitangulia miaka mingi iliyopita. Juzi, kwa hiyo, pale makaburini Ifakara, nadhani alikuwa amebaki mtu mmoja tu aliyeyakumbuka maneno ya kikao kile, na alikuwa mimi. Msemaji wa familia akawa anaita watu kwa makundi kuweka mashada na kuwasha mishumaa. Akaita watoto wa marehemu. Felista na wadogo zake wakasogea. Felista akageuka, akatazama huku na huku, macho yake yakanikuta, akapunga mkono kwa haraka njoo, njoo. Nikainuka. Mjukuu aliyekuwa amekaa nyuma yangu akanipita akikimbia, akaenda akamshika mkono. Nikakaa. Wakaitwa wajukuu, wakaitwa wakwe, wakaitwa jumuiya, wakaitwa majirani. Kisha akaita wapangaji.

Walikuwa vijana wanne au watano, hawanijui. Nikasimama nikajipanga nyuma yao na mshumaa wangu. Msichana wa mbele yangu, mwenye sare ya duka la dawa, akageuka.

"Shikamoo mama. Kumbe na wewe ulipanga kwa bibi?"

"Marahaba. Zamani."

"Ulikaa chumba kipi?"

"Kile mlichopita na jeneza asubuhi."

Akatabasamu kidogo, akidhani natania, kisha akasogea pembeni nitangulie.